Upasuaji wa Mkojo Unaovuja kwa Wanawake: Nini Maana ya Kupona?

Mwanamke wa Mabawa, mjini Tanga, ajitwikapo ndoo ya maji, apigapo chafya au achekapo, shinikizo ndani ya tumbo lake huongezeka ghafula na kukikandamiza kibofu. Misuli ya sakafu ya nyonga ikiwa imara, mrija wa mkojo hubanwa, wala tone halitoki. Ikilegea, aghalabu kwa sababu ya uzazi na umri, mkojo huchuruzika bila hiari.

Hali hii sharti itofautishwe na fistula. Katika fistula, uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu mno husababisha tundu baina ya kibofu na uke, na mkojo huvuja usiku na mchana. Tundu hilo huzibwa kwa upasuaji, kama ule ufanywao katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Hata hivyo, baadhi ya wanawake ambao tundu lao limezibika barabara huendelea kuvuja wakohoapo, kwa kuwa mrija nao uliumia. Kuziba tundu, basi, si lazima kuwe ndiko kukauka.

Kwa mkojo uvujao kwa shinikizo ziko njia kadhaa za upasuaji. Mwaka 1961 daktari John Burch wa Marekani alieleza namna ya kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi. Njia nyingine hutumia mkanda uliokatwa katika utando wa tumbo la mgonjwa mwenyewe, ukapitishwa chini ya mrija kuutegemeza.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililozilinganisha njia hizo kwa wanawake 655 wa Marekani. Baada ya miaka 2, kwa kipimo cha kuvuja kwa shinikizo peke yake, mkanda ulifaulu kwa asilimia 66 na nyuzi kwa asilimia 49. Kwa kipimo kikali zaidi, kilichohesabu kila aina ya kuvuja, mafanikio yalikuwa asilimia 47 na 38. Wagonjwa ni wale wale. Kilichobadilika ni swali. Isitoshe, waliotiwa mkanda walipata zaidi maambukizo na taabu ya kukojoa.

Mwaka 1996 Ulf Ulmsten wa Sweden alieleza mkanda wa plastiki, ambao upasuaji wake ni mfupi. Ulienea upesi, lakini baadhi ya wanawake walipatwa na maumivu ya kudumu, na mwaka 2018 Uingereza ikasimamisha matumizi yake ya kawaida.

Kabla ya kisu yako mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kila siku, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Hayana gharama, na huwafaa wengi. Aibu ndiyo kizuizi kikubwa. Ilhali Hospitali ya Bombo imo mjini humo humo Tanga, na uchunguzi ndio utakaobainisha kama ni misuli iliyolegea au ni fistula.

Mwanafunzi asomapo asilimia ya waliopona, na aulize kwanza: wamepona kwa kipimo gani, baada ya muda gani, na kwa madhara gani?