Unaenda kuvua Loiyangalani? Uliza upepo kwanza

Je, unapanga safari ya kuvua mbuta katika Ziwa Turkana msimu huu wa mvua ndefu? Serikali ya Kaunti inakukaribisha Loiyangalani, na inakuomba uujue upepo wa huku kabla ya kupanda mashua.

Ziwa hili liko kwenye mkondo kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia. Upepo wa kusini mashariki ukibanwa hapo huongeza kasi. Ndiyo sababu mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa karibu na ziwa. Upepo huohuo huinua mawimbi yanayoweza kuzamisha mashua ndogo. Ziwa linaweza kuwa shwari ukiondoka, likachafuka kabla hujarudi.

Kwa hivyo:

• Uliza wavuvi wa BMU ya ufuo huo. Wakisema subiri, subiri.
• Kila abiria avae jaketi ya kuokoa maisha, hata anayejua kuogelea.
• Acha ujumbe ufuoni: mko wangapi, mnaelekea wapi, mtarudi saa ngapi.
• Kisiwa cha Kusini ni mbuga ya taifa. Wasiliana na KWS kwanza.

Samaki watakuwepo hata kesho. Familia yako inakungoja leo.