Vidonge 38 na Nusu

Mwaka 2013, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, daktari alitaka kijana wa miaka 16 apewe kidonge kimoja cha antibaiotiki, chenye miligramu 160. Akaandika 160. Kumbe kisanduku cha kipimo kilikuwa kwenye miligramu kwa kila kilo ya uzito, na kijana alikaribia kilo 39.

Kompyuta ikazidisha: vidonge 38 na nusu.

Maonyo yalitokea, lakini hutokea kutwa nzima, hata kwa mambo madogo, na watu huyafunga kama wanaofukuza nzi. Roboti ikafungasha, muuguzi akampa. Kijana alishikwa na degedege. Bahati nzuri akapona.

Kumlaumu daktari ni rahisi mno. Skrini iliyofikiriwa vizuri ingeonyesha idadi ya vidonge kwa tarakimu kubwa kando ya kitufe cha kuthibitisha, na dozi kama hiyo ingeikataa katakata.