Utata wa Kitenzi "Funga" katika Habari za Magurudumu ya Ndege Ndogo

Katika viwanda vya EPZ Athi River, eneo la Machakos lililotengewa bidhaa za kuuzwa ng'ambo kufuatia sheria ya mwaka 1990, kitenzi funga kina kazi nyingi. Fundi afungapo mtambo huusimika. Afungapo nati huikaza. Na mwajiri afungapo kiwanda, kazi imekwisha. Muktadha huondoa utata. Lakini eneo hilo haliko mbali na Uwanja wa Wilson, Nairobi, maskani ya ndege ndogo, na kitenzi hicho kikihamishiwa kwenye magurudumu ya ndege, utata wake huwa wa hatari.

Magurudumu ya Cessna 172 ya kawaida hayakunjwi. Shida huzipata ndege ziyakunjazo, kama vile Cessna 172RG na Piper Arrow. Rubani husogeza wenzo, kisha hungoja taa za kijani, tatu kwenye Arrow na moja tu kwenye 172RG. Moja isipowaka, kwanza huendelea kuiongoza ndege na kupanda hadi kimo cha salama. Ndipo achunguzapo umeme, mwendo usiozidi kiwango cha kushushia, na balbu yenyewe, kwa kuibadilisha na iwakayo. (Arrow ina hila yake: taa za dashibodi zikiwashwa, zile za kijani hufifia, na mchana huonekana kana kwamba zimezimika.) Taa ikikataa bado, 172RG ina pampu ya mkono, Arrow ina wenzo wa kuondoa shinikizo la haidroli ili magurudumu yaanguke kwa uzito wake.

"Yameshushwa" husema tendo la rubani tu. "Yameshuka" husema kilichoonekana, na mwongozaji ndege aliye mnarani hawezi kuongeza neno, kwani macho hayajui kama gurudumu litastahimili uzito. "Yamefungwa" ni baya kupita yote: huyu ataelewa yamekazwa chini, yule yamefungiwa tumboni. Redio ya marubani hutumia Kiingereza, ni kweli. Lakini wazimamoto wakiambiana kwa Kiswahili, hawajui wajiandalie ndege itakayosimama au itakayojiburuza kwa tumbo.

Kunja kifaa kubaki kwa magurudumu yaliyo tumboni. Kwa yaliyoshuka yakazuiwa yasirudi, komea ndicho kitenzi, maana chombo chenyewe kina komeo, kama mlango. Kaza hakifai, gurudumu lililokazwa laweza kudhaniwa limeshikwa na breki. "Yamekomeka", kwa kauli ya kutendeka, hutaja hali bila kumtaja mtendaji, nayo ndiyo hali iarifiwayo na taa ya kijani.