Salfa, mikorosho na kambale: mtaalamu wa sumu anatafuta nini?

Wadau, ukifika Newala mwezi wa 7 utakuta mashine zinanguruma alfajiri na unga wa njano unapaa juu ya mikorosho. Ndiyo salfa hiyo. Ukishuka Masasi mambo ni yale yale. Na kijiweni swali haliishi: hivi hii kitu ni sumu au siyo? Mmoja anasema itatumaliza, mwingine anasema babu yake kaipuliza miaka yote na bado anadunda.

Kwa mtaalamu wa sumu, hilo ni swali nusu. Yeye anauliza: sumu kwa nani, kwa kiasi gani, inaingilia wapi na inaishia wapi?

Kwanza tujue salfa ilitufikiaje. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Kufika 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Bei mbaya ilichangia, kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba kulichangia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamalizia kwa kuunguza maua. Salfa ndiyo iliyosaidia kuirudisha mikorosho. Kwa hiyo huwezi kusema tu "ipigwe marufuku", watu watakula nini?

Lakini inaishia wapi? Kipimo kilichozoeleka ni gramu 250 kwa mti, mara tano kwa msimu. Yaani kilo moja na robo kila mti, na nyingi inaanguka chini. Bakteria wa udongoni wanaigeuza kuwa asidi, ya aina ile ile iliyomo kwenye maji ya betri ya gari, ila nyepesi sana. Amos Majule, aliyekuja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilifuatilia jambo hili na wenzake na kuchapisha makala mwaka 1997 kuhusu athari za salfa kwa mazingira ya kusini. Mwaka 2003 Ngatunga na wenzake nao wakauliza waziwazi kama salfa inatia asidi udongo wa mikorosho. Udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuihimili asidi. Mkorosho unavumilia, ila mahindi na karanga unazopanda katikati haziko hivyo. Samadi, masalia ya mimea na chokaa vinasaidia.

Huo ni udongo. Upande wa wanyama na maji kuna Profesa Robinson Mdegela wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, daktari wa mifugo aliyejikita kwenye sumu za mazingira. Shahidi wake mkubwa alikuwa kambale. Kwa nini kambale? Kwa sababu anakaa kwenye tope, na uchafu mwingi unatulia huko huko. Mwaka 2009 yeye na wenzake, wakiwemo wa Norway, walichapisha vipimo vya madini mazito na mabaki ya viuatilifu kwenye maji, tope na samaki wa maeneo ya mijini na pembezoni. Mwaka 2010 wakaonyesha kwamba kimeng'enya cha mishipa ya fahamu ya kambale kinaweza kutumika kama kengele: dawa za wadudu za jamii fulani zikiingia majini, kinashuka. Samaki anaogelea kama kawaida, ila mwili wake umeshasema. Baadaye akageukia mabaki ya dawa za mifugo na usugu wa vimelea. Swali ni lile lile: tulichomwaga kinaturudia vipi?

Sasa turudi kwetu. Salfa peke yake haina sumu kali kwa binadamu, ila inachoma macho na kifua, na mwenye pumu atajuta. Mbuzi akiila nyingi, tumboni inageuka gesi ya kunuka yai bovu, na ikizidi inadhuru ubongo hadi mnyama anapofuka. Balaa kubwa zaidi ni zile dawa za maji za kuua mbu wa mikorosho. Baadhi yake, kama lambda-cyhalothrin, kiasi kidogo tu kinaua samaki.

Na wanaobeba mashine ni nani? Ni sisi vijana, wa kibarua, kifua wazi, leso puani ikipatikana. Kwa hiyo:

- Funika pua na macho, na usimame upande upepo unakotoka.
- Usioshee bomba mtoni wala kisimani.
- Mfuko wa salfa usiwekee unga wa ugali.
- Newala tunakinga maji ya bati: mvua za kwanza acha zioshe paa kwanza, ndipo ukinge.
- Mbuzi wasile chini ya mikorosho iliyotoka kupulizwa.

Tajiri wa shamba akikuambia "hiyo haina madhara", muulize: kwa nani, na kiasi gani?

Wadau wa Masasi na Newala, huko kwenu wapulizaji wanapewa vifaa au ndiyo kila mtu na kifua chake? Semeni.