Kuhifadhi Maandishi Yasomeke Katika Picha Zilizobanwa

Milepa iko katika Bonde la Rukwa, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Mji wa Sumbawanga, ulioko juu ya uwanda huo, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko takriban mita 800. Tofauti hiyo ya mita 1,000 huonekana katika ramani kwa mistari ya kontua iliyosongamana kwenye ukingo wa bonde. Mwanafunzi anayekokotoa mteremko hutegemea tarakimu ndogo zilizoandikwa juu ya mistari hiyo. Akisoma 1,300 mahali palipoandikwa 1,800, jibu lake lote huharibika.

Siku hizi ramani moja huweza kuwafikia wanafunzi wengi kwa kupigwa picha na kutumwa kwa simu. Mara nyingi picha hufika milima na maziwa yakionekana vizuri, lakini tarakimu hazisomeki. Kwa nini?

Picha hubanwaje?

Picha ya dijitali ni jedwali la vidoa viitwavyo pikseli. Picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12. Kila pikseli ikichukua baiti 3 za rangi, picha nzima huhitaji baiti milioni 36. Huo ni mzigo mkubwa, na ndiyo sababu picha hubanwa.

Njia iliyoenea zaidi ni JPEG, ambayo kanuni zake zilipitishwa mwaka 1992. Msingi wake ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao. Kwanza, mwangaza wa picha hutenganishwa na rangi. Kwa kuwa jicho la binadamu halitambui mabadiliko madogo ya rangi kama litambuavyo ya mwangaza, mara nyingi pikseli nne hupewa thamani moja tu ya rangi. Kisha picha hugawanywa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na kila mraba huelezwa kama jumla ya mawimbi 64, kuanzia yale yanayobadilika polepole hadi yanayobadilika upesi. Mwisho, kiasi cha kila wimbi hugawanywa kwa namba maalumu na kukadiriwa kuwa namba nzima. Mawimbi ya upesi hugawanywa kwa namba kubwa zaidi, hivyo mengi huwa sifuri na hutupwa.

Anga na maji ya ziwa hayapotezi mengi, kwa kuwa hubadilika polepole. Herufi ni kinyume chake: wino mweusi hukutana na karatasi nyeupe ghafla, na ukingo huo mkali hauwezi kujengwa bila mawimbi ya upesi. Yakitupwa, ukingo hufifia na vivuli vidogo hutokea kandokando ya herufi. Maandishi ya rangi juu ya rangi nyingine, kama vile mekundu juu ya kijani, huumia zaidi.

Kupunguza ukubwa

Hasara ya pili hutokea kabla ya kubana. Programu nyingi za kutumia ujumbe hupunguza kwanza idadi ya pikseli. Karatasi ya ramani yenye skeli ya 1:50,000, inayoonyesha eneo la dakika 15 kwa dakika 15, ina takriban sentimita 55 kila upande. Ikipigwa yote kwa pamoja, upande mfupi wa picha wenye pikseli 3,000 hutoa pikseli 5 hivi kwa kila milimita. Tarakimu yenye kimo cha milimita 2 hupata pikseli 11. Upande huo ukipunguzwa hadi pikseli 1,200, tarakimu hubaki na pikseli 4 tu. Kwa pikseli 4, 3 na 8 hazitofautiki.

Ikumbukwe pia kwamba kilichotupwa hakirudi. Kukuza picha kwenye kioo cha simu hukuza pikseli zilizosalia tu, na kuihariri na kuihifadhi upya kwa JPEG huweza kuongeza hasara.

La kufanya

1. Ramani ipigwe kwa vipande, si yote kwa pamoja, katika mwanga wa kutosha na simu ikiwa imetulia.
2. Sehemu zisizohitajika zikatwe.
3. Picha ihifadhiwe kwa kiwango cha juu cha ubora, mara moja tu.
4. Itumwe kama faili au hati, si kama picha ya kawaida, ili isipunguzwe njiani.
5. Michoro na maandishi yaliyotengenezwa kwa kompyuta yahifadhiwe kwa PNG, njia iliyoanza mwaka 1996, ambayo hubana bila kutupa chochote. Kwa picha ya kamera, hata hivyo, faili ya PNG huwa kubwa mno.

Jaribio kwa wanafunzi

Andika safu hii ya mwangaza, ambamo 40 ni mstari mwembamba wa kontua: 200, 200, 200, 40, 200, 200, 200, 200. Punguza safu kwa nusu kwa kutafuta wastani wa kila jozi. Jibu ni 200, 120, 200, 200. Mstari uliokuwa mweusi sasa umepauka. Rudia hatua hiyo mara moja zaidi: hupatikana 160 na 200. Kisha jaribu kuirudisha safu ya kwanza kutokana na namba hizo mbili. Haiwezekani, kwa sababu safu nyingi tofauti zingeweza kutoa jibu hilohilo.