Santuri za Zamrock zapaa bei, faida yaenda kwa nani?

Mwaka 1975 bendi ya Amanaz ya Zambia ilitoa albamu moja tu, Africa, chini ya lebo ya Zambia Music Parlour. Ni bluzi nzito yenye gitaa linalokoroma, ngoma zinazotembea polepole, na waimbaji wanaohama kutoka Kiingereza kwenda lugha za kwao. Nakala ya mwaka ule ule sasa hutafutwa na wanunuzi wa Ulaya, Japani na Marekani kwa mamia ya dola, na ikiwa safi kabisa huvuka elfu moja. Mwenye nakala mbili ana mtaji wa kufungulia duka.

Bei hiyo haitokani na ukubwa wa jina. Are You Experienced ya Jimi Hendrix, ya mwaka 1967, ndiyo iliyowafundisha vijana wa Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba wa Zambia, namna ya kulitesa gitaa, lakini ilifyatuliwa kwa wingi mno, na nakala yake ya zamani iliyochakaa kidogo bado inapatikana bila mtu kuuza ng'ombe. Santuri za Zamrock, yaani roki ya Zambia, zilitengenezwa kwa soko dogo, katika miaka michache.

Na miaka yenyewe ilikuwa ya shaba. Mishahara ya migodini ililipa viingilio vya kumbi za Kitwe, Ndola na Chingola, na Rais Kenneth Kaunda akaagiza redio ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani. Ghafla wanamuziki wa Zambia walikuwa na masikio ya nchi nzima. Kisha bei ya shaba ikaporomoka katikati ya muongo, fedha za kigeni zikaadimika, kaseti za wizi zikaingia sokoni, na baadaye UKIMWI ukafagia bendi nzima nzima. Waliobaki wakahamia kalindula, muziki wa dansi wa Zambia.

Nairobi nayo ina mkono wake katika hadithi hii. Musi-O-Tunya, kundi la Mzambia Rikki Ililonga, lilipiga kambi Kenya na kurekodi huko Wings of Africa. Haikuwa ajabu, maana Nairobi ilikuwa na viwanda vya santuri. Tanzania haikuwa na hata kimoja, na kanda zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam zilivuka mpaka kwenda kugeuzwa sahani huko, hadi uhasama wa nchi hizo mbili ulipoufunga mpaka wenyewe mwaka 1977.

Mnunuzi mzoefu wa santuri hizi haanzi kwa kusikiliza. Huinua sahani kwenye mwanga na kuipindapinda aone mikwaruzo inakoelekea: ule wa juu juu haumtishi, ule unaokatiza mifereji humfanya ashushe bei papo hapo. Halafu hutazama tundu la katikati. Vijistari vyeupe kwenye lebo, vilivyochorwa na mtu aliyekuwa akipapasa mhimili wa gramafoni gizani, humwambia santuri imechezwa mara nyingi kuliko muuzaji anavyoapa. Mwisho husoma namba zilizochongwa kwenye utepe mtupu karibu na lebo, kwa sababu hizo ndizo zinazotofautisha toleo la kwanza na la baadaye. Kwa Africa kazi ni kubwa zaidi, kwani ilichanganywa sauti kwa namna mbili, moja kavu na nyingine yenye mwangwi mwingi, na wakusanyaji hubishana hadi leo ipi ni tamu. Mimi niko upande wa ile kavu.

Nakala nyingi haziponi ukaguzi huo. Zilinunuliwa zichezwe, zikachezwa, baa na harusini, kwa sindano nzito na betri zinazokufa.

Ungedhani kutoa upya albamu hizi kungeua bei ya zile kongwe. Imekuwa kinyume. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilikusanya kazi za bendi ya WITCH katika kasha moja mwaka 2012, ikafuatisha Welcome to Zamrock! mwaka 2017, na kila toleo jipya likaleta wasikilizaji wapya, ambao sehemu yao haikuridhika mpaka imeshika sahani ya asili. Mkondo wenyewe ni mpana. Chama cha kampuni za kurekodi Marekani, RIAA, kilihesabu santuri mpya milioni 43 zilizouzwa huko mwaka 2023, kwa mapato ya dola bilioni 1.4, dhidi ya CD milioni 37. Mtumba haumo katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo penye mgawanyo wa faida. Santuri kongwe inapouzwa kwa dola elfu, mwanamuziki hapati hata senti. Pesa ni ya aliyekuwa nayo kabatini, dalali na mtandao uliowakutanisha. Mwanamuziki hulipwa pale tu anapokuwa na haki za toleo jipya, au wimbo wake unapokatwa kipande na msanii mwingine, kama rapa Tyler, the Creator alivyofanya mwaka 2024 kwa kutumia wimbo wa bendi ya Ngozi Family katika "Noid". Emanuel "Jagari" Chanda, aliyebaki peke yake katika kikosi cha mwanzo cha WITCH, alikuwa akichimba vito wakati santuri zake zikipanda bei ughaibuni. Matoleo mapya ndiyo yaliyomrudisha jukwaani, na mwaka 2023 bendi ikatoa Zango.

Wachuuzi wa santuri wa kwetu, Kenyatta Market ya Nairobi wakiwemo, wanalijua soko hili vizuri na simu wanazo. Kinachowabana ni hesabu. Kwa kanuni ya jarida la Goldmine, sahani iliyoshuka daraja moja kutoka "karibu mpya" huhesabiwa nusu ya bei, na ikishuka tena, robo. Discogs, mtandao wa kuuzia santuri, hukata asilimia 9, nauli ya posta ikiwemo. Juu yake kuna ufungashaji wa makaratasi magumu, wiki za kungoja, na mteja wa ng'ambo anayeweza kurudisha mzigo akidai daraja lilitiwa chumvi. Ndiyo maana muuzaji mjanja mwenye sahani moja nzuri huona heri aifiche chini ya meza, amsubiri mgeni mwenye orodha mkononi aje mwenyewe, aikague, alipe taslimu, na gharama ya kuisafirisha iwe juu ya mgeni huyo.