Gari la uwanjani: Kurekebisha au kubadilisha?

Nchini Uingereza, mwenye gari la kawaida anaweza kulipa ada na kuliendesha kwa kasi siku nzima katika viwanja vya mbio kama Silverstone na Brands Hatch. Muda si mrefu hukabiliwa na swali la mtaji: aliongezee gari uwezo, au aliuze anunue jingine?

Tuchukue mfano wa Mazda MX-5, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1989. Toleo la kwanza lina uzito wa takriban tani moja tu, hivyo halili matairi na breki kama gari zito. Mwenye nalo aanze na pedi, matairi, na mafuta ya breki yanayostahimili joto. Gharama yake si kubwa.

Injini ina hesabu nyingine. Tuseme gari lina thamani ya pauni 5,000, na kuiongezea injini nguvu ni pauni 4,000. Mnunuzi wa baadaye hatazirudisha zote. Wengi huogopa injini iliyochokonolewa. Ikiwa gari lenye nguvu hiyo kutoka kiwandani linauzwa pauni 8,000, tofauti ni 3,000 tu. Hapo kubadilisha ni nafuu, tena breki na giaboksi zake zimeundwa kuhimili nguvu hiyo.

Vyovyote iwavyo, soma kwanza mkataba wa bima. Bima nyingi za kawaida hazilipi ajali ya uwanjani. Kwa hiyo usiingize humo gari ambalo hasara yake huwezi kuibeba.